Kasi si hoja pekee unapochagua kipoza cha bia ya nyumbani
RAIS Jimmy Carter wa Marekani alipotia saini sheria ya kuruhusu bia kupikwa nyumbani, mwaka wa 1978, upishi huo ulienea. Swali linalowatatiza wengi wanaoanza ni hili: maji ya kimea yakishachemka, yapozwe kwa kifaa kipi?

Yakichelewa kupoa, bakteria hupata mwanya wa kuyaharibu. Hamira nayo ikitiwa yangali moto, hufa.

Vipoza vikuu ni vitatu. Cha kwanza ni bomba la shaba lililozungushwa, ambalo hutumbukizwa sufuriani na kupitishiwa maji baridi. Cha pili ni bomba ndani ya bomba. Cha tatu ni mabamba membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja. Hiki hupoza upesi zaidi, lakini mabaki ya hopsi hukwama ndani, mahali pasipofikiwa na brashi.

Kwa anayepika lita 19, bomba la kutumbukizwa latosha. Husafishwa kwa urahisi, na likitiwa sufuriani dakika 15 kabla ya moto kuzimwa, mchemko wenyewe huua viini.

Hata hivyo, hakuna kipoza kishushacho joto chini ya lile la maji yanayokipitia. Penye joto, heri kuyapitisha kwanza kwenye barafu kuliko kununua kipoza ghali.