Harusi Moja, Ngoma Mbili

Bwana harusi Myahudi, bibi harusi Muayalandi. Sasa bendi ipige ya nani? New York wamelihangaikia swali hili miaka mingi, na kuna kitu cha kujifunza pale kwa wapenzi wowote waliotoka nyumba mbili tofauti.

Ukishawahi kukaa kwenye vikao vya harusi, unajua kwamba moto wenyewe hauwaki kwenye bajeti. Unawaka pale shangazi mmoja anapouliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa jamani, muziki utakuwa wa upande gani?" Ghafla kila mtu anaangalia simu yake. Wote wanajua shangazi hajauliza habari ya muziki. Anataka kujua kama ukoo wake unaunganishwa au unamezwa.

Kama unampenda mtu wa kabila lingine au dini nyingine, swali hilo unalifahamu, na huenda limeshakunyima usingizi. Mwezi huu nakupeleka New York, kwa watu wawili ambao usingetegemea kuwakuta meza moja. Wa kwanza ni Myahudi wa Ulaya Mashariki, na muziki wake wa harusi unaoitwa klezma. Wa pili ni Mkatoliki wa Ayalandi, na muziki wake wa fidla, filimbi na zumari. Hawa watu wamepigana, wamependana, wameoana, na katikati ya hayo yote wamejaribu kuchanganya ngoma zao. Wapo waliofanikiwa, na wapo waliotoka na uji usio na sukari wala chumvi. Nimejiuliza sana tofauti yao iko wapi.

WALIVYOKUTANA

Hakuna aliyekwenda Marekani kutalii. Kule Ayalandi viazi vilioza shambani, na kati ya 1845 na 1852 njaa iliua watu kama milioni 1. Wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli. Wayahudi wa Urusi na nchi za jirani walianza kumiminika baada ya 1881, wakikimbia umaskini na mashambulizi dhidi ya mitaa yao. Kufikia 1924, Marekani ilipofunga milango, walikuwa wameshaingia kama milioni 2.

Wote wakajikuta kwenye vyumba vya kubanana vya New York. Vijana wa kiume wakarushiana ngumi mitaani. Na vijana ni vijana, bwana! Wengine wakaanza kurushiana macho.

Mambo hayo yakafika mpaka jukwaani. Mwaka 1922 mwandishi Anne Nichols alileta Broadway mchezo wa kuigiza uitwao Abie's Irish Rose. Kijana wa Kiyahudi anaoa kwa siri binti wa Kiayalandi, halafu anamtambulisha kwa baba yake kwa jina la ukoo la uongo, ili aonekane ni Myahudi mwenzao. Mpaka mchezo uishe wameshafungishwa ndoa mara tatu: na mchungaji, na rabi, na padri! Wahakiki waliuponda vibaya. Watazamaji hawakuwasikiliza. Mchezo ulioneshwa mara 2,327 hadi 1927. Watu hawarudii kitu hivyo kama hakiwagusi nyumbani.

Kwenye biashara ya nyimbo nako walishapatana mapema. William Jerome, Muayalandi aliyezaliwa kwa jina la Flannery, aliandika maneno. Jean Schwartz, Myahudi mzaliwa wa Budapest, akatunga muziki. Mwaka 1912 wawili hao walitoa wimbo wa kuchekesha wenye ujumbe kwamba bila Waayalandi na Wayahudi Marekani isingekwenda. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2009, Mick Moloney, mwanamuziki na profesa mzaliwa wa Limerick, alirekodi albamu nzima ya nyimbo za enzi zile na kuipa jina la wimbo huo: If It Wasn't for the Irish and the Jews. Moloney alifariki 2022, lakini kazi hiyo imebaki.

Ila hizo zilikuwa nyimbo za kumbi za burudani, zilizoandikwa ziuzwe. Kuchanganya ngoma zenyewe, zile za mababu, ni kazi nyingine kabisa.

PALE WANAPOFANANA

Ukiwasikiliza kwa mara ya kwanza utasema hawa ni ndugu. Wote wanategemea fidla. Wote wana kodiani, kile chombo ambacho mpenzi wa taarabu hahitaji kuelezwa. Ngoma ya Kiayalandi iitwayo rili ina sehemu mbili, kila moja ya vipimo 8, na kila moja inapigwa mara mbili kabla ya kuhamia nyingine. Freilekhi, ngoma ya furaha ya klezma, mara nyingi imejengwa kwa matofali hayohayo. Kwa hiyo anayecheza miguu yake haipotei.

Na tukiongelea miguu, kuna hili lililonifurahisha kuliko yote. Wayahudi wana dansi ya zamani iitwayo sheri. Wanaicheza wapenzi wawiliwawili, jozi nne, wamesimama kama pande za mraba. Waayalandi nao wana dansi zao za seti, na zinachezwaje? Jozi nne, kwenye mraba! Mpange bibi harusi na mashangazi wa pande zote mbili kwenye mraba mmoja na nusu ya kazi imekwisha.

Halafu hakuna kati yao anayeweza kudai kwamba damu yake ya muziki ni safi. Rili ilitoka Uskoti. Polka, inayopigwa sana Kerry, ilizaliwa Bohemia. Kwa upande wa klezma, ngoma iitwayo bulga ilitoka Bessarabia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Moldova, na doina, ule mtiririko wa huzuni usio na mapigo ya kuhesabu, una asili ya Romania. Hata ala ya nyuzi iitwayo bouzouki, ambayo leo utaikuta kwenye baa za Ayalandi kama mwenyeji, ni ya Kigiriki. Johnny Moynihan ndiye aliyeiingiza kwenye muziki wa Ayalandi miaka ya 1960.

PALE WANAPOKWARUZANA

Sasa tuje kwenye ukweli, maana hata mapenzi yana mwezi wa kwanza na mwezi wa saba.

Muayalandi akishaanza rili, mwendo ni uleule mpaka mwisho, kama treni, na wapigaji wote wanafuata wimbo mmoja kwa pamoja. Mpiga klezma anapenda kuanza taratibu, kuvuta, kisha kuongeza kasi mpaka watu wanatokwa jasho. Yule wa kwanza anaipamba noti kwa kuizungusha haraka kwa vidole. Huyu wa pili anaifanya noti ilie, kabisa, kama mtu aliyekabwa na kwikwi. Wapigaji wa klezma wana jina lake, krekhti, yaani mguno. Ukimwambia Muayalandi alie na Myahudi aende kama treni, wote wawili watasikika kama wageni kwenye nguo za kuazima.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye ngazi ya sauti. Ngazi maarufu ya klezma, iitwayo freigishi, ina pengo pana kati ya noti ya pili na ya tatu. Pengo hilo ndilo linaloipa ile harufu ya mashariki. Filimbi ndogo ya Kiayalandi yenye matundu sita haikutengenezwa kwa hilo. Mpigaji inabidi azibe tundu nusunusu, na kwenye kasi ya harusi mambo yanaharibika. Klarineti ya klezma inapita hapo bila shida. Basi nani amfuate mwenzake?

Wanaofanya vizuri huwa hawalazimishi. Wanatafuta mahali ambapo nyumba hizi mbili zinapakana ukuta. Ngoma nyingi za Ayalandi zimejengwa kwenye ngazi iitwayo doriani. Klezma nayo ina ngazi iitwayo misheberakhi. Ziweke sambamba: noti saba, na sita kati ya hizo ni zilezile! Inayotofautiana ni ya nne tu, ambayo kwenye klezma inapandishwa nusu hatua. Mpiga fidla anaweza kukaa kwenye rili ya Kiayalandi, akaanza kuigusa ile noti ya nne kidogokidogo, na kabla wageni hawajajua kinachoendelea wameshavuka kizingiti na wako kwa Wayahudi. Akiishusha tena, wamerudi Ayalandi.

Unaona kitu hapo? Hakuna nyumba iliyobomolewa. Ule uji niliousema unapikwa na bendi zinazoanza kwa kufuta. Zinaondoa kilio cha klezma ili kisiwasumbue Waayalandi, zinalainisha mapigo ya rili ili yasiwasumbue Wayahudi, zinaweka ngoma nzito chini, na kinachobaki hakina mwenyewe.

NA WENYE UCHUNGU JE?

Wapo wanaosema muziki huu usiguswe kabisa, na msiwaone washamba. Kwenye Vita Kuu ya Pili Wanazi waliua Wayahudi milioni 6, na miji midogo ambako klezma ilizaliwa ilifutwa pamoja na wapigaji wake. Sehemu kubwa ya kilichookoka ni kile kilichokuwa kimeshavuka bahari: santuri za New York, na wazee wachache kama mpiga klarineti Dave Tarras, aliyeishi mpaka 1989. Mtu aliyebakiwa na kidogo hivyo ana haki ya kuuliza unakipeleka wapi.

Jibu zuri nililolisikia halikuja kwa maneno. Lorin Sklamberg, mwimbaji wa The Klezmatics, bendi iliyoanza New York mwaka 1986, alikutana na Susan McKeown, mwimbaji wa kike kutoka Dublin. Walifanya kazi pamoja kwenye Wonder Wheel, albamu ya The Klezmatics ya 2006 iliyoshinda tuzo ya Grammy. Maneno ya albamu hiyo ni ya Woody Guthrie, mtu wa Oklahoma asiye Myahudi, aliyemwoa Marjorie, mcheza dansi wa Kiyahudi, mwaka 1945. Mama mkwe wake, Aliza Greenblatt, alikuwa mshairi wa lugha ya Kiyidi. Ndoa ile haikudumu, lakini Guthrie alipopata ugonjwa wa neva usiotibika, Marjorie ndiye aliyemhangaikia mpaka kifo chake mwaka 1967.

Mwaka 2009 McKeown na Sklamberg wakatoa yao wawili, Saints & Tzadiks. Kila mmoja kaja na nyimbo za kwao, lugha za kwao, huzuni za kwao. Pale wimbo mmoja unapoingia ndani ya mwingine, unasikia wazi nani ni nani. Hakuna anayeiga sauti ya mwenzake. Mmoja anaimba, mwingine anamsikiliza, na unasikia kabisa kwamba anasikiliza.

KWENYE KIKAO CHENU

Nirudi kwa shangazi. Msimjibu haraka kwamba "tutachanganya tu". Kila upande ulete ngoma yake nzima kwanza, kama inavyopigwa kwao, na upande wa pili ujifunze hatua zake kabla ya siku yenyewe. Baada ya hapo tafuteni ile noti sita mnazolingana. Ile ya saba msione aibu kuiacha ilivyo, maana ndiyo itakayowakumbusha wageni kwamba mmetoka nyumba mbili.

Ukitaka kuonja mwenyewe, anza na Moloney siku ya Jumamosi mkipika, halafu Wonder Wheel mkiwa safarini. Saints & Tzadiks iachie usiku, watoto wamelala, simu zimezimwa. Mwulize mwenzako alisikia nini. Usishangae kama hamkusikia kitu kimoja.