Kabla ya kuchora mti wa ukoo, sikiliza maneno

Wanafunzi wanaonijia wakitaka kuandika historia ya aila zao huanza kwa kuuliza vifaa. Simu gani inarekodi vizuri? Programu gani inachora mti wa ukoo? Faili gani nitafute katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa kule Nairobi? Si maswali mabaya hayo. Lakini anayefanya utafiti huu Malindi, Takaungu, Kaloleni au vijiji vya Ganze atahitaji lugha kabla ya simu. Na sisemi Kiswahili sanifu cha darasani pekee.

Hebu tuchukue mfano. Kijana anamhoji bibi yake, naye bibi anamwambia kwamba baba yake alizaliwa “kondo ya Chembe”. Kijana aliyelelewa mjini anasikia “kondo”, anakumbuka kondo la nyuma alilosoma katika somo la uzazi. Anasikia “chembe”, anafikiria punje au ncha ya mshale. Anaandika daftarini kwamba mzee alizaliwa kwa shida, kisha anaendelea na swali la pili. Kumbe bibi amempa mwaka! Kondo kwa Kigiriama ni vita. Chembe naye ni mtu: Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya aliyepelekwa na serikali ya kikoloni kwa Wagiriama mnamo 1912, ambaye jina lake wenyeji walilitamka walivyoweza. Vita vyenyewe ni vile vya 1914, vilivyotokana na kodi, utafutaji wa vibarua na amri ya kuwahamisha watu kutoka kaskazini ya mto Sabaki, mwaka ambao Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Bibi hakutaja tarakimu hata moja, ila ametoa tarehe bora kuliko nyingi zilizo kwenye vitambulisho. Ajabu ni kwamba huyo huyo Chembe aliandika maelezo marefu kuhusu mila za Wagiriama, yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1967, na mtafiti wa ukoo wa Kigiriama hana budi kuyasoma, akijua vyema ni nani anayesema.

Kalenda za namna hii ni nyingi. Wa Takaungu atakwambia habari za vita vya Mbaruk, navyo ni vya 1895 hadi 1896. Wa bara atakutajia njaa ya magunia, ya miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mafuriko ya 1961 bado yanakumbukwa na wengi. Kwa hivyo usimuulize mzee “Ulizaliwa mwaka gani?” Muulize kulikuwa na nini alipozaliwa, nani alikuwa chifu, na nani alizaliwa mbele yake.

Majina nayo yana sarufi yake. Kwa Wagiriama, mjukuu hupewa jina la babu, kwa hivyo majina huzunguka. Tuseme umekuta kwenye karatasi Karisa Kazungu Karisa. Wa kwanza na wa tatu ni babu na mjukuu, au ni karani aliyerudia neno? Aghalabu ni babu na mjukuu. Na yule Kazungu wa katikati yaelekea ana ndugu wa kiume ambaye naye ana mwana anayeitwa Karisa vilevile, maana wote wanamrudisha tsawe mmoja. Mti wa ukoo uliochorwa kwa majina matupu utakuwa na Karisa sita na hutajua yupi ni yupi. Dawa yake ni kuandika kila jina pamoja na jina la mama na mahali alipozikwa mtu. Mama ndiye anayewatenganisha Karisa hao, ingawa karatasi za serikali zilimsahau.

Kisha kuna majina yasiyo ya kuzaliwa. Mekatilili wa Menza, tunayemsoma shuleni, alizaliwa Mnyazi; Menza ni babake, na Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Anayemtafuta utotoni kwa jina la Mekatilili hatampata ng’o, kwani jina hilo lilimsubiri mtoto azaliwe. Hali ni hiyo hiyo kwa mama fulani na baba fulani wa Malindi ambao hakuna mtaani anayejua majina yao halisi.

Niseme sasa kuhusu neno linaloniudhi kuliko yote: binamu. Siku hizi kila mtoto wa ndugu ya mzazi ni binamu, na kila ndugu ya mzazi ni “anko” au “anti”. Kwa asili neno hilo ni mwana wa amu, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Mwana wa mjomba ni mtu mwingine, na mwana wa shangazi ni mwingine tena. Mtaniambia ni ushikiliaji wa kizee. Haya, nendeni kwa kadhi. Katika mirathi ya Kiislamu, mwana wa amu anaweza kurithi kama asaba, ilhali mwana wa mjomba yumo katika kundi la mbali linalofikiriwa baadaye. Mtu akifa bila watoto na ameacha shamba Mambrui, neno “binamu” kwenye daftari lako halitamsaidia yeyote. Kwa Wagiriama vilevile, ardhi ya ukoo hufuata mbari, na mbari hufuata baba. Kwa hivyo usiandike binamu. Andika “mwana wa kaka wa baba, tumbo moja”. Ni maneno mengi, lakini yatasomeka miaka hamsini ijayo.

Ukifika kwenye nyaraka, jua kwamba neno Mijikenda lilienea miaka ya 1940 tu. Faili za kabla ya hapo zinasema Wanyika, na Giriama ni Giryama. Ukitafuta kwa tahajia ya leo utarudi mikono mitupu, useme eti hakuna kitu.

Kuna pahali ambapo msamiati hausaidii. Malindi ya leo ilifufuliwa mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mashamba yake yalilimwa na watumwa. Wapo waliotorokea bara, kama vile Fuladoyo, na hali ya utumwa ilifutwa kisheria huku pwani mwaka 1907. Wajukuu na vitukuu wapo, ni majirani zetu. Utamuuliza mzee babake babu yake ni nani, atakohoa, atazungumzia bei ya nazi. Jibu umeshalipata. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kung’ang’ania, mzee akasimama akaenda zake msikitini, na nyumba ile ikafungika kwetu. Tangu siku hiyo nawaelekeza waandike tu: “Hapa mzee alinyamaza”, watie tarehe, wafunge daftari, wamuulize habari za nazi.