Mota Ilinimwaga Mlimani!

Basi bwana, nilijiona mjanja kuifunga baiskeli yangu gurudumu la nyuma lenye mota ya umeme. Napanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, jasho hakuna! Kwenye kona, kaa! Ekseli ikajizungusha, ikapanua mdomo wa fremu inamokaa, ikasokota nyaya. Gurudumu nje, mimi mtaroni. Fuso ndiyo ikaniokoa.

Fundi wa Karatu akacheka kwanza. "Mdogo wangu, mota ikisukuma tairi mbele, ekseli inasukumwa nyuma. Nati peke yake haiwezi."

Bahati fremu ni ya chuma. Ingekuwa alumini asingeigusa. Akanyoosha, akachomelea bamba, akachonga mdomo upya kwa tupa. Kisha akakata mkono wa chuma: ncha moja inabana ekseli isizunguke, nyingine imefungwa kwenye bomba la fremu.

Sasa nafika hadi geti la Lodoare, Ngorongoro. Ila nati nazikaza kila asubuhi.