Mkeka Hununuliwa, Mtoto Je?

Mgeni afikaye Kibiti hununua mkeka wa ukindu, hushuka Nyamisati kutazama mikoko ya delta ya Rufiji, kisha hurudi kwao na mzigo wake. Hilo ni jema. Wasukaji hupata riziki.

Lakini wako wageni waliosafiri kufuata mtoto. Tangu China ilipowafungulia mlango kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1992 hata ilipoufunga mwaka 2024, maelfu kwa maelfu ya watoto, wengi wao wasichana, walichukuliwa na wazazi wa kigeni. Wamarekani walimalizia safari mjini Guangzhou. Wakingoja viza ya mtoto, walizuru mahekalu, wakanunua hariri, lulu na viatu vidogo katika maduka ya kisiwa cha Shamian. Wengine walinunua zawadi za miaka mingi, ili kila mwaka mtoto apewe kitu cha nchi yake. Hatuwacheki. Walijua kwamba siku moja mtoto atauliza asili yake. Ila hariri haimwambii mama yake ni nani.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo kabla ya kuasili mtoto. Wako wanaonung'unika. Sisi twaona muda huo wamtosha mtu kujifunza Kiswahili, kuukalia mkeka badala ya kuununua tu, na kujua kama huko Mohoro au Salale yuko bibi awezaye kumlea mjukuu wake. Bibi huyo na aulizwe kwanza.