Kibaba cha Stella Mwangi

Wako miongoni mwetu wanaoamini kuwa muziki wa kufokafoka ni kelele za vijana waliokosa kazi. Mwandishi wa safu hii naye alikuwa na imani hiyo, hata siku moja alipopita mnadani Dongobesh, Wilaya ya Mbulu, akamsikia binti wa sekondari akifoka kwa Kiiraqw na Kiswahili katika kipaza sauti cha kuazima cha muuza dawa za mifugo, wenzake wakimwitikia. Mzee mmoja aliyesimama kando alisema hiyo ni slufay iliyoharakishwa. Slufay ni utenzi wa dua wa wazee wa Kiiraqw, ambao mmoja hughani na hadhira ikaitikia. Sisi tuliokariri juzuu chuoni kwa mahadhi na kuyumbayumba tulimwelewa mzee huyo mara moja.

Baadaye binti yule alituuliza swali moja tu: yuko mwanamke aliyefika mbali kwa kazi hii?

Yuko. Stella Mwangi, ajulikanaye pia kama STL, alizaliwa Nairobi mwaka 1986, akahamia Norway na familia yake mwaka 1991. Alikulia Eidsvoll, na uchungu wa kubaguliwa kwa rangi yake ukawa maudhui ya nyimbo zake za mwanzo. Mwaka 2008 alitoa albamu yake, Living for Music. Kisha mwaka 2011 akashinda shindano la taifa la nyimbo la nchi hiyo kwa wimbo wake „Haba Haba”, ambao kiitikio chake ni cha Kiswahili na habari yake ni mawaidha ya bibi kwa mjukuu. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini Norway. Mei mwaka huo huo, mjini Düsseldorf, Ujerumani, Kiswahili kikaimbwa kwa mara ya kwanza katika jukwaa la Eurovision. Kura hazikumpendelea: alipata pointi 30, akawa wa 17 kati ya washiriki 19 wa nusu fainali ile, na fainali akaitazama kama sisi wengine.

Wapo waliomcheka. Sisi wa Visiwani hatuna ruhusa ya kucheka. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie katika santuri. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akiwa ajuza tayari, na waliompa ni wageni. Je, ni lazima kila mwanamke wetu apimwe kwanza ng'ambo ndipo tumtambue nyumbani?

Hapana budi tuseme wazi kwa wenzetu wa serikalini. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, lakini binti wa Dongobesh hajui kuwa wimbo wake ni mali yake, na akitaka kuurekodi, alituambia, humbidi apande basi hadi Arusha, akiwa na nauli ya kwenda tu. Hatuombi tamasha wala hotuba ya mgeni rasmi. Tunaomba mtu wa kumweleza haki zake kabla hajatia sahihi kwa mjanja wa kwanza, na kipaza sauti kisichodaiwa na muuza dawa.