Kondoo Waliovuka Mpaka

Haya, sogeeni. Leo tunakwenda mbali, Australia, kwenye koloni la Waingereza lililoitwa New South Wales. Mwaka 1829 Gavana Ralph Darling alitangaza mpaka: mlowezi achukue ardhi ndani ya kaunti 19 zinazoizunguka Sydney, asipite hapo. Serikali haikuwa na askari wala fedha za kulinda nchi pana zaidi.

Mpaka wenyewe ulikuwa karatasini tu. Viwanda vya Uingereza vililia sufu, bei ilikuwa nzuri, na ng'ambo ya mpaka nyasi zilijaa tele. Mwenye kondoo angebaki ndani kwa lipi? Wakaswaga mifugo, wakavuka.

John Batman alivuka hata bahari. Mwaka 1835 alitoka kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, akafika karibu na ilipo Melbourne, akadai kwamba wazee wa Wakulin, wenyeji wa pale, wamempa ekari zipatazo 600,000 kwa mablanketi, visu, mashoka, vioo na unga. Biashara gani hiyo! Gavana mpya, Richard Bourke, akatangaza mapatano hayo ni batili. Mkidhani aliwatetea Wakulin, ngojeni kwanza. Alisema ardhi yote ni ya Mfalme wa Uingereza, hivyo Wakulin hawakuwa na cha kumpa mtu. Nao walikuwa wamekaa pale maelfu ya miaka.

Kuwafukuza wafugaji Bourke aliona hataweza, basi mwaka 1836 ikapitishwa sheria ya kuwatoza: lipa pauni 10 kwa mwaka, lisha kondoo upendavyo. Jana mhalifu, leo mteja! Makamishna wa serikali wakapanda farasi kwenda kuamua ugomvi wa malisho.

Wenyeji walizidi kubanwa, visima na mito yao ikanywewa na kondoo. Juni 1838, huko Myall Creek, wachunga mifugo waliwaua Waaborijini wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mara hii sheria iliamka, wauaji 7 wakanyongwa. Wengi waliofanya kama wao kwingineko hawakuguswa.

Mwaka 1844 Gavana George Gipps alijaribu kukaza kamba, akitaka kila eneo la malisho liwe na leseni yake. Alichelewa. Wavamizi walikwisha kuwa matajiri, wenye sauti katika baraza la kutunga sheria na marafiki London. Mwaka 1847 amri ya London ikawapa haki ya kukodi ardhi ile hadi miaka 14, na kuinunua kabla ya mtu mwingine.

Mwaka uliofuata waziri wa makoloni, Earl Grey, aliandika kwamba ukodishaji huo usiwazuie wenyeji kuwinda humo. Barua ilisafiri miezi kadhaa baharini. Ilipofika, nani huko malishoni angeitekeleza, wakati bunduki zilikuwa mikononi mwa wenye kondoo?