Askari Aliyelionea Haya Andiko Lake

Askari wengi wana daftari. Limelazwa ndani ya sanduku la chuma, chini ya koti la mvua, nalo limejaa mashairi, nyimbo za kambini, au masimulizi ya doria fulani ambayo wenzake wawili hawakurudi. Baada ya miaka kumi mwenyewe hulifungua siku ya mapumziko, akasoma kurasa mbili, uso ukamwiva kwa haya. Ni mimi kweli niliyeandika upuuzi huu? Kisha hutafuta kiberiti.

Kabla kiberiti hakijawashwa, na tumtazame askari mmoja wa Uingereza, Edmund Blunden.

Blunden alizaliwa London mwaka 1896. Aliingia jeshini angali kijana mbichi, akawa ofisa katika Royal Sussex Regiment, akapigana Somme mwaka 1916 na Ypres mwaka 1917, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Karibu miaka miwili alikuwa mstari wa mbele. Risasi hazikumpata, gesi ya sumu ilimpata.

Mwaka 1918 alianza kuyaandika aliyoyaona. Hakumaliza, mswada akauweka kando. Mwaka 1924 alikwenda Japani kufundisha chuo kikuu mjini Tokyo, na huko, mbali na mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, akaanza upya. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1928 kwa jina la Undertones of War, na hata leo huhesabiwa miongoni mwa vitabu bora vya vita vile. Nishani yake hakuitaja humo.

Katika utangulizi aliutaja ule mswada wa kwanza, wala hakuuonea huruma. Kosa lake, alisema, lilikuwa makelele ya uchangamfu wa kujilazimisha.

Kwa maoni yangu, hapo alimwonea kijana yule. Aliyeandika mwaka 1918 alikuwa na umri wa miaka 21, na maiti za wenzake zilikuwa bado hazijasahauliwa na pua yake. Msomaji uliyelala bwenini wajua jambo hili: usiku, baada ya siku mbaya, hutokea mmoja akachekesha wenziwe kupita kiasi. Hakuna amwambiaye anyamaze, kwa maana kila mtu anajua kicheko kile kinafunika nini. Uchangamfu ule ulikuwa bendeji. Bendeji haina uzuri, tena hunuka. Lakini nani humcheka majeruhi kwa sababu bendeji yake haikufungwa vizuri?

Tena kuna ukali wa pili ambao mtu hujifanyia, nao ni kujiuliza kwa nini bado anaumia ilhali miaka imepita. Blunden alipata jina, akafundisha vyuo vikuu, akaheshimiwa. Hata hivyo alikiri uzeeni kwamba vita havikumwacha maisha yake yote, na kwamba siku nyingi alijiona anaishi katika dunia ile kuliko hii. Kitabu kizuri hakikumponya. Alipofariki mwaka 1974, aliyeweka shada la maua mekundu ya Flanders kaburini alikuwa askari wa kawaida, tarishi wake wa zamani kule Ypres. Miaka 57 ilikuwa imepita, na yule mzee naye alikuwa hajasahau.

Lakini turudi kwenye mswada. Blunden hakuuchoma. Mwaka 1930, miaka miwili tu baada ya kuulaumu mbele ya watu, ndugu yake aliupiga chapa, nakala chache, kwa jina la De Bello Germanico. Mwandishi sasa alikuwa mtu mwenye sifa, na angeweza kuuficha, au kuumalizia kwa ustadi alioupata Tokyo. Aliacha utoke ukiwa nusu, na ukurasa wa kwanza ukasema wazi kwamba hiki ni kipande cha habari za mahandaki, kilichoandikwa mwaka 1918.